Bahari imepata moto, mwani wa bei umetukimbia

Februari wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, nilishuka pwani Jambiani na bi mkubwa mmoja ambae nimefanya nae kazi miaka mingi, maji yametoka mpaka mbali, saa nne na nusu asubuhi na jua limeshakuwa kali kwelikweli. Akainama akashika kamba yake moja ya kotonii, ule mwani wa bei, akanyanyua tawi ili nilione, likamkatikia mkononi. Jeupe kama nazi iliyokunwa, laini, limeoza kwa ndani. "Mwanangu, tia mkono maji haya," akanambia. Nikatia. Kama maji ya kuogea mzazi.

Nimeanza na tawi hilo manake watu wakisikia mabadiliko ya tabianchi wanafikiria kimbunga, mafuriko, ng'ombe waliokufa kwa ukame. Benki ya Dunia ilishasema mwaka 2015 kwamba mabadiliko haya yanaweza kuwatia watu zaidi ya milioni 100 kwenye umaskini ifikapo 2030, na wengi tunawaza hao watu wataporomoka kwa mkupuo, ndani ya siku moja. Mimi kazi yangu ni mwani, na ninachokiona huku ni umaskini unaoingia taratibu kupitia bei.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja 1989, mashariki huku, Paje na Jambiani. Leo mwani ni katika vitu vinavyoiingizia Zanzibar fedha za kigeni, na wakulima wengi sana ni wanawake. Mama ambae zamani hata hela ya kanga anaomba kwa mume akawa anajinunulia bati, analipa ada ya mtoto, anacheza upatu na wenzie. Hilo si dogo hata kidogo.

Sasa kuna aina mbili, spinosam na kotonii. Zote zinakaushwa zinauzwa nje, kule wanatoa ute unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu, vyakula vya kopo na vitu vingi tu, ila ute wa kotonii unaganda vizuri zaidi ndo mana bei yake huwa kama mara mbili ya mwenzie. Tatizo kotonii ni dhaifu mbele ya joto. Mwani unapenda maji ya nyuzi 25 hadi 30 hivi, na mashamba yetu yako kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe, maji ya magotini, na bamvua la hapa maji yanakupwa asubuhi kuelekea mchana yaani wakati uleule jua linapanda. Zamani bahari yenyewe ilikuwa na ubaridi wa kutosha kuvumilia hilo. Siku hizi inaanza siku ikiwa imeshapata moto, tuliona matumbawe yalivyokuwa meupe kwa joto 1998 tena 2016, na mwani nao ukizidiwa unachoka, vijidudu vinaushambulia, unageuka mweupe, unakatika kwenye taitai, vile vikamba vya kufungia tawi, unachukuliwa na maji. Tangu miaka ya 2000 kotonii ikaanza kufa shamba baada ya shamba, na leo sehemu kubwa ya Unguja imebaki spinosam, kotonii unaikuta zaidi baadhi ya sehemu za Pemba.

Hesabu yake ni hii. Kilo kama nane za mwani mbichi zinakauka zinabaki moja. Huyu mama anabeba kichwani gunia lilelile, mgongo uleule, jua lilelile, na akifika kwenye mzani anapata nusu ya pesa. Akitaka arudi alipokuwa inabidi afunge kamba mara mbili, na bamvua halimuongezei masaa. Mvua nazo zikinyesha nje ya msimu mwani ukiwa umeanikwa ndo ubora unashuka tena.

Mwaka 2022 kule Misri kwenye COP27, mkutano wa dunia wa tabianchi, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu wa kuwafidia wanaoumizwa na mabadiliko haya, jambo jema na tulilipigania, lakini kila siku najiuliza hasara ya huyu bi mkubwa itaandikwa wapi. Hakuna nyumba iliyoanguka, hakuna picha. Shamba lipo, mwani upo, hata takwimu za tani zinaweza kupendeza kabisa ukiziangalia kwa juu. Ukitaka kumuona alivyopoteza inabidi uulize ni mwani gani, wa bei gani, na masaa mangapi majini, na mimi naona hayo matatu ndio yangekuwa mwanzo wa fomu yoyote ya fidia.

Njia ya kupambana ipo. Dk. Flower Msuya, ambae ametafiti mwani wa Zanzibar miaka mingi, amekuwa akihimiza kupanda kwenye maji ya kina kwa neti za mrija, yaani neti ndefu kama bomba mwani unatiwa ndani yake, kule maji ni baridi zaidi na matawi hayapeperuki, na kotonii inaweza kukaa. Nakubaliana nae kabisa. Lakini kina kinataka chombo, nanga, na mtu anaejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivi hawajafundishwa kuogelea toka utotoni, wameijua bahari ya kutembea kwa miguu. Ukileta neti bila boti na bila mafunzo ya kuogelea, shamba la kina litakuwa la wanaume, na mama atabaki palepale magotini na spinosam yake.

Siku ile kabla maji hayajajaa bi mkubwa alipitia kamba yote akachambua matawi yaliyobaki na rangi. Yalikuwa matatu. Akayafunga kwenye kipande cha neti kuukuu, akampa mtoto wa dada yake ambae ni mvuvi akayatundike kwenye mkondo, kule maji yanapita baridi, yawe mbegu mpaka upepo wa kusi uje. Ngalawa si yao, na kila ikienda kuangaliwa neti anailipia kwa hela ya spinosam.