Ufunguo wa sanduku la maoni anashika nani?

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha mainchaji, sisi wauguzi tunaosimamia wodi, hapa Mbeya, mwenzangu kasimama kifua mbele: "Wodini kwangu mwaka mzima hakuna aliyelalamika." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno. Safari hii nikamuuliza, sanduku lako la maoni, ufunguo anashika nani? Anashika yeye.

Mwaka 1996 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani aliandika jambo lililomshangaza mwenyewe: timu za wauguzi zenye viongozi wazuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi ya dawa. Kumbe si kwamba walikosea zaidi. Walikuwa wanasema.

Masanduku na mabango ya "mlango uko wazi" hayadhuru, tuyapite. Kinachoniudhi ni swali la kwanza. Mtu anakuja kukwambia dozi imerukwa, nawe unauliza: "Nani alikuwa zamu?" Umeshaharibu, hata kama umemwita mwanangu. Kesho chati itajazwa ipendeze. Anza na "mgonjwa yukoje sasa?", kisha "ilikuwaje?" Jina litakuja lenyewe, mara nyingi na machozi.

Usiku mmoja wa Julai, baridi yetu ile, binti mwenye miezi mitatu kazini alikuwa na mama wa kifafa cha mimba. Saa ya dozi ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, imefika, na pumzi ni 14 kwa dakika. Chini ya 16 hatuchomi. Lakini daktari keshaandika, na sista aliyeshika sindano ni rika la mama yake. Mtu uliyemwamkia shikamoo saa mbili usiku, saa nane unamwambiaje anakosea? Akapita pembeni: "Sista, naomba unisaidie kuhesabu pumzi, nahisi nakosea." Wakahesabu. Dozi ikasimama.

Siku hizi wodini kwangu "nisaidie kuhesabu" ni amri. Akiitamka yeyote, mkono unasimama, hata wa daktari, na hakuna anayeulizwa kwa nini amesema.

Kama inatosha, sina hakika. Mimi huyuhuyu ninayesema "niambieni" ndiye ninayepanga zamu za usiku na kupitisha likizo, na wao wanalijua hilo. Wakilalamika kwamba wako wachache, sina mtu wa kuwaongezea. Ninachoweza ni kuwaonyesha nakala ya barua niliyompelekea mganga mfawidhi, na kwamba haijajibiwa. Mmoja aliniambia afadhali hivyo. Mwingine ameacha kusema kabisa, na hajaniambia kwa nini.