Derivativu ya Pili ni Sifuri. Kwa Hiyo Nini?

Wiki hii nimeisahihisha tena sentensi ileile: “Derivativu ya pili ni sifuri, kwa hiyo hapa kuna pointi ya mgeuko.” Nimelichoka hilo “kwa hiyo”.

Derivativu ya kwanza, yaani mteremko wa grafu kwenye kila pointi, tuipite haraka: ikiwa chanya grafu inapanda, ikiwa hasi inashuka, ikitoka chanya kwenda hasi, una kilele. Ya pili, yaani derivativu ya hiyo ya kwanza, inaeleza mpindo. Ikiwa chanya, grafu imekaa kama bakuli. Ikiwa hasi, bakuli limefudikizwa. Mgeuko ni pale bakuli linapogeuzwa.

Sasa chukua f(x) = x⁵ − 5x⁴. Derivativu ya pili ni 20x²(x − 3), inakuwa sifuri kwenye 0 na 3. Mtu wa “kwa hiyo” anatangaza migeuko miwili, anapiga mstari, anafunga daftari. Hebu angalia alama! Kwenye 3 inatoka hasi kwenda chanya: mgeuko halali, kwenye kimo cha −162. Kwenye 0 ni hasi kushoto na hasi kulia, maana ile x² haibadili alama hata uibembeleze. Tena derivativu ya kwanza, 5x³(x − 4), inatoka chanya kwenda hasi papo hapo kwenye 0. Yaani ulichokiita mgeuko ni kilele. Kilele!

Na mgeuko unaweza kuwepo bila sifuri yoyote. Kipeuo cha tatu cha x kinageuka kwenye 0, mahali ambapo derivativu ya pili haipo kabisa.

Nisijigambe lakini, jedwali langu la alama, lile la kuandika derivativu ni chanya au hasi kushoto na kulia mwa pointi, nalo hugoma. Fanksheni x⁴(2 + sin(1/x)), ukiipa thamani 0 pale x = 0, ina kima cha chini hapo bila ubishi, ila derivativu yake inabadili alama mara zisizohesabika kadiri unavyoikaribia 0. Kushoto utaandika nini, “chanya na hasi kwa zamu”? Hapo natupa jedwali na kurudi kwenye fasili ya kima cha chini: thamani ya hapo ni ndogo kuliko za jirani zake.

Halafu kuna kona. Chora x² kushoto mwa 0 na √x kulia: bakuli linafudikizwa, ila hakuna tanjenti (mstari ulionyooka unaougusa mchoro na kufuata mwelekeo wake) moja pale katikati. Vitabu vingine vinakubali kuwa ni mgeuko, vingine vinadai tanjenti kwanza. Nimewahi kuwa upande wa kwanza. Siku hizi nadai tanjenti, ingawa sina hoja nzito ya kumshinda anayekataa.