Anayekoroma sana ndiye mwenye nguvu?

Kwenye jimu za mitaani Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, zile za vyuma vya kuchomelea na ndoo za zege, wapiga tizi hujali kifua na mapaja. Sikio, pua na koo hukumbukwa vikishaharibika, na hapo kila mtu ana dawa yake.

"Anakoroma hivyo kwa sababu amelala fofofo. Jitu lile!"
Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana husemwa kama sifa. Shingo nene inaweza kubana njia ya hewa mtu akilala, hata kama unene wenyewe ni wa misuli. Kwa mwanamume, shingo ikizidi sentimita 43 hatari huongezeka. Pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi, mwili unashtuka, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena. Usiku kucha ni hivyo na mwenyewe hana habari. Asubuhi kichwa kinamgonga, presha iko juu, uzito wa wiki iliyopita unamshinda, naye analaumu chakula. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na usingizi huo yeye haupati. Shahidi ni mkewe. Akisema pumzi hukatika, mwende hospitali.

"Damu ikitoka puani, inua kichwa."
Ukiinua utaimeza, kisha huenda ukatapika. Inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia, hema kwa mdomo. Damu hutoka wakati wa kunyanyua kwa sababu kubana pumzi na kusukuma hupandisha presha ghafla. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wanyanyua vyuma watano wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu: wastani wa presha ulikuwa 320 kwa 250, wakati ya kawaida ni 120 kwa 80. Vimishipa vya puani vilivyokaushwa na vumbi la Agosti havistahimili hayo. Ikijirudia, kapime presha ukiwa umetulia.

"Sikio likiziba, tia mawese ya uvuguvugu."
Mawese tuwaachie migebuka, samaki wa ziwani. Kama ngoma ya sikio ina tundu, mafuta hupenya hadi ndani na kuleta maambukizi. Na kama sikio limeziba ghafla baada ya kunyanyua, linavuma, na dunia inazunguka, huenda maji ya sikio la ndani yanavuja. Weka vyuma chini, nenda hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu.

"Dawa ya mafua haina neno."
Ya kupulizia puani, ile ya kuzibua, ukiizidisha siku tano pua huziba kuliko mwanzo. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini, kemikali ya kuzibua pua, navyo vimepigwa marufuku siku ya mashindano, kiasi chake kwenye mkojo kikipita kiwango kilichowekwa. Mpimaji wa dawa zilizokatazwa michezoni hatakuuliza kama ulikuwa na mafua kweli.