Bangalo ni neno la Bengali

Bangalo ni nyumba ya chini iliyosimama peke yake kwenye kiwanja chake, mara nyingi na varanda mbele. Maana ni hiyo tu, na madalali wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua vizuri. Kinachonikera ni hadithi inayotembea na neno lenyewe: eti Waingereza waliiita bungalow kwa kuwa ni fupi, si unaona mwishoni pana low, na low ni chini? Wengine wanatia chumvi zaidi: fundi aliishiwa matofali, akaambiwa afunike hapo hapo kwa kapaa ka chini. Huo ni utani wa Waingereza wenyewe. Huku kwetu umegeuka somo, nadhani kwa sababu tayari tunasema "nyumba ya chini", basi maelezo yanakaa sawasawa na hakuna anayehangaika kuyachunguza.

Kihindi husema bangla, Kigujarati bangalo, maana yake "ya Bengali", eneo la mashariki mwa India na Bangladesh ya leo, yaani nyumba ya mtindo wa huko. Ni bangla ile ile iliyomo kwenye jina Bangladesh. Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki walilichukua katika karne ya 17, kila mtu akaliandika jinsi sikio lake lilivyomwambia, mpaka tahajia ya leo ikashika. Hiyo low ni ajali ya kalamu. Na sisi tuliopokea gari na laki kutoka lugha za Kihindi tulitakiwa tuwe wa kwanza kushtuka.

Nyumba yenyewe ilikuwa kibanda cha mkulima, cha mianzi na udongo, kimeezekwa nyasi. Utamu wake uko kwenye paa. Mianzi hupindwa, kwa hiyo mgongo wa paa unainama huku na huku, na kingo za chini nazo zinashuka kwenye pembe. Bengali mvua hainyeshi kwa adabu; maji lazima yateremke upesi, la sivyo nyasi zinaoza. Ni kama paa letu la mgongo wa tembo, ila huyu tembo mgongo wake umepinda kweli. Wafalme wa Kimughal, waliotawala India kabla ya Waingereza, waliupenda mkunjo huo hata wakauiga kwa marumaru: ukifika ngome ya Lahore, Pakistan ya leo, kile kibanda cha Naulakha cha enzi ya Shah Jahan kina paa la namna hiyo hiyo.

Waingereza nao walikitwaa kibanda, wakakipanua, wakakizungushia varanda, wakaweka maofisa wao. Kando ya barabara kuu za India wakajenga bangalo za dak, yaani za posta, ambamo ofisa aliye safarini alilala na kubadilisha farasi. Kufika miaka ya 1869 na 1870 bangalo zikaanza kujengwa Uingereza kwenyewe, Westgate na Birchington katika pwani ya Kent, kwa matajiri waliotaka hewa ya bahari. Nyumba ya mkulima ikawa ya kifahari hivyo hivyo.

Kuhusu ghorofa, ambako ndiko watu wanakogombana zaidi, mimi sina ugomvi. Uingereza bangalo haina ghorofa, na Kenya ikipanda juu inaitwa mezoneti. Lakini Mumbai bangalo ni nyumba yoyote inayojitegemea na uwanja wake, hata iwe na ghorofa, ilimradi isiwe fleti. Singapore ni vivyo hivyo. Kwa hiyo dalali akikuandikia "bangalo ya ghorofa", muulize tu ngazi ziko wapi, usimcheke. Ila akianza kukufafanulia kwamba low ni chini, mwambie taratibu kwamba nyumba ndiyo ya chini, neno ni la Bengali, kisha mrudi kwenye bei.