Anayempa mtoto mara ya kwanza

Mama mmoja wa Makorora alikuja ofisini kwangu na kipakiti kidogo alichokifunga kwenye pindo la kanga. Alikikuta ndani ya soksi ya mwanawe wa kidato cha pili alipokuwa akifua sare. Alikinusa, akaona kinanukia kama viungo vya chai, akafikiri ni dawa ya kienyeji. Kilikuwa kuberi: tumbaku iliyosagwa na kutiwa manukato, ambayo kijana huibana chini ya mdomo. Haina moshi wala harufu ya sigara. Mwanafunzi anaweza kukaa nayo kipindi kizima cha hisabati na mwalimu asigundue, huku nikotini ikiingia kwenye damu kupitia ufizi.

Nilimuuliza anadhani nani anampa. "Si hao wahuni wa kijiweni, dada yangu! Nani mwingine?"

Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Tanga, na asubuhi nyingi niko kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu wenye uraibu wa unga, yaani heroini. Kila anayejiunga namuuliza mambo mawili: ulianza na nini, na nani alikupa? Katika miaka yote ya kuuliza, ni nadra sana kusikia kwamba alikuwa mtu asiyemjua. Nasikia kaka, binamu, mjomba aliyekuwa akimtuma sigara, rafiki waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tano. Muuza unga huja baadaye, njia ikishasafishwa. Ndiyo maana mzazi anayemlinda mtoto dhidi ya wageni pekee anakuwa amefunga dirisha huku mlango uko wazi.

Tanga ina bahati mbaya ya kijiografia. Heroini inayotoka Afghanistan huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, na pwani yetu ina bandari bubu nyingi. Mirungi nayo hupenya kutoka Kenya kupitia njia za panya za upande wa Horohoro, na mingine hushuka kutoka milima ya Same. Vitu hivi vikiwa karibu, bei hushuka na vinazoeleka machoni. Mtoto aliyekua akiona watu wazima wakitafuna mirungi na bigijii barazani kuanzia alasiri hadi usiku hawezi kuiona kuwa kitu cha kutisha, hata redio iseme nini.

Lakini ukaribu peke yake hautoshi. Watoto wa mtaa mmoja, wanaopita kijiwe kilekile kila siku, hawaishii pamoja. Ninachokiona kinawatenganisha ni saa za mchana. Shule nyingi hutoka saa nane au saa tisa. Baba yuko kwenye bodaboda, mama yuko genge, na nyumbani hakuna chakula mpaka jioni. Kijana aliyeshinda na njaa huchukua baiskeli na kuelekea Deep Sea, kwenye soko la samaki, kwa sababu pale akisaidia kupakua hakosi samaki wawili au shilingi mbili tatu. Hiyo ni kazi halali, nami simlaumu mtoto anayejitafutia. Tatizo ni ratiba ya bahari. Boti huingia usiku na alfajiri, wavuvi wengine huvuta bangi kwa kuamini inaondoa baridi na kutafuna mirungi wasisinzie, na mtoto anayefanya kazi ya watu wazima hupewa pia starehe ya watu wazima. Anapewa kwa upendo kabisa: "Shika mdogo wangu, uchangamke." Asubuhi yake amelala darasani au hajafika. Baada ya wiki kadhaa amekwama kwenye masomo, na kijiweni ndiko mahali pekee ambapo hakuna anayemwita mjinga.

Utoro ukifika hapo, mwalimu ajue saa imeshagonga. Kwa uzoefu wangu utoro hutangulia kete ya unga.

Umri wa kuanza una uzito ambao wazazi wengi hawajaambiwa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayompa mtu uwezo wa kujizuia na kuona matokeo kabla ya kutenda, haikamiliki kukua mpaka karibu miaka 25. Sehemu inayotamani raha hutangulia kukomaa. Kwa hiyo kitu kilekile kikiingia katika mwili wa miaka 14 na wa miaka 30 hakifanyi kazi sawa. Kwa bangi, tafiti zinakadiria kwamba katika watumiaji wote kama 1 kati ya 10 hufikia utegemezi, lakini kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni karibu 1 kati ya 6. Bangi inayovutwa mara kwa mara katika umri huo hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na kwa baadhi, hasa wenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, huongeza hatari ya kuchanganyikiwa.

Halafu kuna kokteli, yaani msokoto wa bangi ulionyunyiziwa unga. Wengi wa ninaowahudumia waliingia kwenye heroini kwa mlango huu, na baadhi hawakuambiwa. Kijana anavuta siku baada ya siku akijua ni bangi ya kawaida. Siku akiikosa anaamka na mafua yasiyo ya mafua: kamasi, machozi, miayo, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, mifupa inauma. Hiyo ni arosto. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho na hukaza siku ya pili na ya tatu. Akirudi kwa rafiki yake na kuvuta tena, maumivu yote huyeyuka ndani ya dakika chache, na hapo ndipo anapojua alichokuwa akivuta. Mzazi akiona mwanawe anasinzia hali amesimama, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, asidhani ni uchovu wa shule.

Wasichana nao wamo, ila hatuwaoni. Kwenye kliniki wanawake ni wachache mno, na sababu kubwa ni aibu. Kwa binti, anayempa mara nyingi ni mpenzi aliyemzidi umri, anayemlipia nauli na vocha. Tukimwona mtoto wa sekondari na simu ambayo nyumbani haikununuliwa, tuulize kwa upole na tuulize mapema.

Tunapogundua tunafanya nini? Shuleni ni viboko kisha barua ya kufukuzwa. Nyumbani ni kipigo, au anapelekwa shamba Muheza kwa babu akae miezi. Naelewa uchungu unaotufikisha huko. Lakini mtoto aliyefukuzwa shule tumempa saa nyingine nane za kukaa kijiweni. Na aliyezoea unga akikaa shamba miezi mitatu, mwili wake husahau kuuhimili. Akirudi mjini na kutumia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata siku hiyohiyo. Familia nyingi pia hutafuta kisomo. Mfanyieni kisomo, wala tiba haigombani nacho, lakini hospitali mleteni.

Hata mihadhara ya kutishia, ile ya picha za mateja na mafuvu ukutani, haibadilishi tabia. Viwango vya kimataifa vya kinga vya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na afya (UNODC na WHO), toleo la 2018, vinasema hivyo bila kuzunguka. Kinachosaidia ni mafunzo ya stadi za maisha yanayorudiwa darasani, mtoto kubaki shule, na malezi ambayo ndani yake mzazi anajua mwanawe yuko wapi na na nani. Kwa lugha ya nyumbani: chakula cha mchana hata kama ni kiporo, jirani mmoja wa kumwangalia, na swali linaloulizwa bila fimbo mkononi. "Nimekikuta hiki kwenye soksi yako. Sikupigi. Niambie kimetoka wapi."

Tiba ipo. Methadoni ilianza kutolewa nchini mwaka 2011 pale Muhimbili, na hapa kwetu inapatikana hospitali ya Bombo, bure. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, na arosto haimsumbui tena, hivyo anaweza kufanya kazi. Ushauri hupatikana pia kwa simu ya bure 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Yule mama aliuliza swali lile usiku, taa imezimwa, ili mtoto asione uso wake. Kijana alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kaka ndiye alinipa." Kaka mwenyewe ana miaka 22 na alikuwa amelala chumba cha pili, akiwa na siri kubwa kuliko kuberi. Sasa kila asubuhi humpakia mdogo wake kwenye baiskeli hadi getini pa shule, akageuza, na kuja dirishani kwetu kunywa dawa.