Je, wajua kwa nini tunaamini kopo tusiloliona ndani?

Mnunuzi wa samaki humfunua mashavu. Wa tunda huliminya na kulinusa. Kopo halikupi nafasi hiyo: limefungwa pande zote, na ushahidi pekee ulio nao ni picha ya kwenye lebo, iliyobandikwa na huyohuyo anayetaka fedha zako. Imani hiyo ilitoka wapi?

Mwanzo kabisa hata hapakuwa na kopo. Nicolas Appert, mtengenezaji wa peremende huko Ufaransa, alitia vyakula kwenye chupa za kioo, akazikaza vizibo na kuzichemsha kwa muda mrefu. Mwaka 1810 serikali ilimpa faranga 12,000 kwa sharti aichapishe mbinu yake. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Uingereza ya kutumia vyombo vya bati, ambavyo havivunjiki melini. Mlaji naye ndipo alipopoteza uwezo wa kuona anachokula. Kulifungua kopo lenyewe kulihitaji patasi na nyundo, kwani vifungua kopo vilikuja miaka ya 1850.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyejua kwa nini mbinu hiyo inafanya kazi. Appert aliishi na kufa kabla Louis Pasteur hajaeleza habari za vijidudu. Wasindikaji walikuwa wanabahatisha, na siku moja bahati ikawaishia. Mwaka 1852, kwenye ghala la wanamaji wa Uingereza, wakaguzi walifungua makopo 306 ya nyama yaliyotoka kwa Stephen Goldner, mzabuni aliyejulikana kwa bei nafuu. Yaliyofaa kuliwa yalikuwa 42 tu. Mengine yalikuwa yameoza, na ndani yake mlikutwa hata viungo vya mwili wa mnyama ambavyo hakuna baharia aliyeviagiza. Kosa mojawapo ni ukubwa wa makopo: nje nyama iliiva, katikati joto halikufika. Magazeti yalishadidia kashfa hiyo, na sidhani kama kuna tangazo la biashara ambalo lingeweza kuifuta.

Hata kuchemsha vizuri hakutoshi. Bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hujifungia ndani ya spora, yaani maganda magumu, ambazo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayaziui. Kopo lisilo na hewa huwa makao yao mazuri, na sumu wanayotoa inaweza isibadilishe harufu wala ladha. Mwaka 1919 zeituni zilizosindikwa California ziliua watu waliozila mezani katika majimbo ya Ohio na Michigan, mbali kabisa na kiwandani. Wateja wakazikimbia zeituni. Wenye viwanda, kwa kuhofia soko lote, wakatoa fedha za utafiti ulioongozwa na wanasayansi kama Karl Meyer, na mwaka 1925 California ikatunga sheria ya kukagua viwanda vya kusindika. Kwa maoni yangu hapo ndipo imani ilipopata msingi, kwa sababu msindikaji hakubaki kuwa shahidi wa kazi yake mwenyewe. Vyakula visivyo na uchachu hupikwa ndani ya kopo kwa mvuke wa presha, kwa kawaida nyuzi 121, mpaka katikati ipate joto la kutosha.

Bado mlango mmoja ulikuwa wazi. Mwaka 1964 zaidi ya watu 400 waliugua homa ya matumbo mjini Aberdeen, Uskoti. Chanzo kilikuwa nyama ya kopo kutoka Argentina, iliyokatwakatwa dukani kwa mashine ambayo ikaambukiza nyama nyingine. Upikaji haukuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa maji ya mto yaliyotumika kupoza makopo bila kutibiwa: kopo likipoa huvuta kwa ndani, na tundu dogo mno kwenye mshono linatosha kupitisha tone. Ndiyo maana maji ya kupozea hutiwa klorini, na mishono hukatwa na kupimwa mara kwa mara. Herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye kifuniko, ambazo wengi hudhani ni tarehe ya mwisho tu, mara nyingi hutaja pia kiwanda na siku ya kusindikwa, ili kundi zima liweze kuondolewa madukani.