Mifupa ya kifundo cha mkono iliyoshikana: yanayosemwa na ukweli wake

Ukiteleza ukingoni mwa mfongo, mfereji wa maji, kule Machame ukaangukia kiganja, unashuka Moshi mjini kupiga eksirei ukitarajia jibu moja kati ya mawili: umevunjika, au hukuvunjika. Wachache hupata la tatu: mifupa yako miwili imeshikana. Hapo maneno huanza.

“Uliwahi kuvunjika utotoni, mfupa ukaunga vibaya.” Hili ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu mtu anaanza kumkumbuka mwalimu aliyemchapa viganjani. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mtoto akiwa tumboni, mifupa hiyo huanza kama gegedu (tishu laini kuliko mfupa) lililoungana, kisha hugawanyika kabla mimba haijatimiza miezi 3. Pasipogawanyika, baadaye panakuwa mfupa mmoja. Mara nyingi ni lunati, wenye umbo la hilali, na jirani yake trikwetramu, upande wa kidole kidogo. Tena mara nyingi mkono wa pili nao uko hivyo hivyo. Fimbo gani hiyo inayovunja pande zote mbili kwa mfanano?

“Ni maajabu, hayapo kwetu.” Yapo, tena huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, hasa Afrika Magharibi, kuliko kwa Wazungu. Aina 4 za kushikana huku ambazo madaktari huzitaja hadi leo zilipangwa na daktari Minnaar mwaka 1952, kutokana na Waafrika wa Afrika Kusini.

“Lazima upasuliwe.” Hapana. Wengi wanachuma kahawa na kubeba mizigo ya watalii mlimani bila kujua lolote. Inayoweza kuuma ni ile aina ya kwanza, ambayo mifupa imeshikana nusunusu.

“Kama ni maumbile, basi nikakandwe tu.” Hapa mimi hucharuka. Kushikana kwa mifupa miwili hakuzuii mwingine kuvunjika, na anguko la kiganja hupenda kuvunja skafoidi, ulio chini ya kidole gumba. Nyosha gumba uone pale panapobonyea. Pakiuma ukibonyeza, usiende kwa mkandaji. Ufa wa skafoidi unaweza usionekane kwenye picha ya kwanza, ndiyo maana daktari hukufunga hogo (plasta ngumu) hata hivyo na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Damu ya mfupa huu huingilia zaidi upande wa vidole. Ukikatika, kipande cha upande wa kiwiko kinaweza kufa.

Picha yako ya eksirei usiiache hospitali. Siku ukianguka tena, daktari mwingine ataona mapema kilichokuwapo na kilichoongezeka.